Siku Niliyokwama Kwenye Ghala la Ulezi

Mimi si seremala. Nauza dawa za mifugo mjini Tarime, na kazi hiyo naipenda kwa kiasi chake. Mtu anakuja, ananieleza ng'ombe wake anakohoa namna gani, anakohoa na yeye pale kaunta ili nisikie vizuri, nampa dawa, anaondoka. Lakini moyo wangu uko nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha mabati nilichokijaza mbao za mgrevilea, randa, patasi na vumbi la msumeno ambalo mke wangu anasema analikuta hadi kwenye chai. Ikifika Jumamosi mchana nafunga duka, navaa aproni, na sionekani tena mpaka niitwe kula.

Tatizo ni kwamba naupenda useremala kuliko useremala unavyonipenda mimi. Kabati la vyombo nililotengeneza linafunguka lenyewe mtu akipita karibu. Meza ya chakula tumeiwekea kipande cha ndala chini ya mguu mmoja, na mtu akikata nyama kwa nguvu, mchuzi wa jirani yake unamwagika. Kuna kiti alichokalia mzee wa kanisa siku ya ibada ya nyumbani kwetu. Alianza kusali akiwa juu, akamalizia akiwa chini, na sala hakuikatisha. Nilimheshimu sana siku ile.

Kwa hiyo nilipopata habari kwamba huko upande wa Natta kuna mji wa kale uliojengwa upya, watu wanaishi humo mchana kutwa kama walivyoishi mababu, wanasaga kwa mawe, wanafua chuma, wanachonga vigoda kwa tezo, sikulala vizuri. Mteja aliyenipa habari hizo alikuwa anazungumzia kupe. Mimi nikamuuliza, "Hivyo vigoda wanavichonga kwa mti gani?" Akanitazama. "Mura, nimekwambia ng'ombe wangu ana kupe."

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na ulimi wake unafanya kazi hata siku za likizo. Nilipomwomba twende akakubali haraka mno, nikaanza kuwa na wasiwasi.

"Nataka kukuona mbele ya mafundi wa kweli," alisema. "Labda utaona aibu uache."

Tuliondoka asubuhi na Probox ya kaka yake, tukapitia Nyamongo, tukavuka Mto Mara, tukaingia Mugumu tukanywa chai na chapati, kisha tukashika barabara ya Natta. Njia nzima nilikuwa namweleza mke wangu tofauti ya kigoda kinachochongwa kutoka gogo moja na kigoda kinachoungwa. Kigoda cha gogo moja hakina kiungo hata kimoja. Kiti na miguu vyote vilikuwa ndani ya mti tangu mwanzo, kazi ya fundi ni kuondoa kisichohitajika. Nilipofika hapo mke wangu alisema, "Basi na wewe ondoa kisichohitajika. Nyamaza."

Mji wenyewe ulikuwa umezungushiwa uzio wa miti na miiba, na langoni alisimama binti mmoja aliyevaa shati la kaki, ndiye kiongozi wa wageni. Alituamkia kwa heshima, kisha akatupa masharti.

"Wazee wangu, mkishapita lango hili mmeingia enzi za mababu. Wote mtakaowakuta humo ndani hawajui gari, hawajui umeme, hawajui chochote cha leo. Msiwaulize mambo ya siku hizi, hawatawajibu. Na simu tafadhali zizimwe, maana kuna kundi la watalii kutoka kambini litafika baadaye kidogo."

Mke wangu akaizima ya kwake. Mimi nilisema ndiyo, ndiyo, lakini macho yangu yalikuwa yameshaliona lango. Lilikuwa limefungwa kwa magogo yanayoteleza kwenye matundu, kila gogo limelainishwa na mikono ya watu mpaka linang'aa. Nililipapasa, nikalinusa. Nikashindwa kutambua ni mti gani, jambo lililoniuma sana, basi nikalilamba kidogo.

Kutoka ndani ikasikika sauti ya mwanamke. "Huyo mgeni ana njaa. Mleteni ndani ale kabla hajamaliza lango."

Alikuwa bibi wa mji. Amekaa kwenye ngozi mbele ya nyumba ya msonge, amevaa ngozi na shanga, mkononi ana fimbo nyembamba ya kufukuzia kuku. Baadaye niliambiwa kwamba zamani alikuwa mama mkali wa kwaya, na kwamba kazi ile aliichukua kwa moyo wote kuliko mtu yeyote pale.

"Shikamoo bibi," nikasema.

Akanikazia macho. "Hiyo ni salamu ya watu wa pwani. Huku kwetu haijafika bado."

Mke wangu akauliza, "Na Kiswahili chenyewe, bibi, kilishafika?"

Bibi akafikiri. "Chenyewe kimetangulia kidogo."

Pembeni yake, chini ya kibanda cha nyasi, alikaa mchongaji. Mtu wa makamo, mwenye mikono mipana na uso mtulivu, amezungukwa na vigoda, mizinga ya nyuki na miiko ya ugali. Nilimwendea kama mtoto anayeiendea sherehe. Nikamuuliza maswali yangu yote kwa mpigo mmoja: mti unakaushwa muda gani, tezo linanolewa kwa jiwe lipi, nyufa anazizuiaje. Alinijibu vizuri kwa upole, mpaka nilipomuuliza kama amewahi kujaribu msasa.

"Msasa ni nini?" akauliza.

"Ile karatasi yenye mchanga."

"Karatasi ni nini?"

Nikakumbuka masharti. Nikamwomba radhi, nikachukua kigoda kimoja kikubwa kilichokuwa mbele yake, kizuri kuliko vyote, nikalala chali chini yake ili nione kazi ya chini. Ndiyo tabia yangu. Hata kwenye harusi za watu nalala chini ya meza. Kulikuwa na giza, basi nikatoa simu mfukoni nikawasha tochi. Na pale, kwenye shina la mguu mmoja, nikaona kitu kinameremeta.

Ilikuwa skurubu. Skurubu ya dukani, yenye alama ya msalaba kichwani.

Nilitoka kule chini nikiwa na uchungu wa mtu aliyekuta plastiki kwenye asali. "Fundi," nikasema kwa sauti ndogo, "hiki ni nini?"

Aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Hilo ni jino la simba."

"Lina alama ya msalaba kichwani."

"Alikuwa simba wa ukoo mkubwa."

"Fundi!"

Aligeuza shingo akahakikisha bibi hamsikii, kisha akaninong'oneza bila kusogeza midomo. "Mguu ulipasuka jana, na wageni wako njiani. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Ningekuwa mimi ningetia skurubu nne na gundi, halafu nikaweka kipande cha ndala. Tukaelewana. Akaninyooshea mkono kwa siri, tukapeana mikono kama watu waliofanya biashara, na mimi nikageuka kwenda kuangalia vitu vingine. Simu nikairudisha mfuko wa shati. Sikuizima.

Kilichonivuta ni ghala la ulezi. Lilisimama katikati ya uwanja juu ya nguzo fupi, limesukwa kwa fito kama kikapu kikubwa, limekandikwa kwa udongo na samadi, na juu yake limevaa kofia ya nyasi ambayo inanyanyuliwa kwa mti wenye panda. Nililizunguka mara nyingi. Nilitaka kujua jambo moja tu: sakafu yake imeshikwaje na nguzo zile bila msumari? Kwa nje udongo umeficha kila kitu. Kwa chini pia. Jibu lilikuwa ndani.

Nilitazama huku na huku. Mke wangu alikuwa anafundishwa kusaga ulezi na bibi, wanabishana. Kiongozi amekwenda langoni. Nikanyanyua kofia ya nyasi kwa ule mti, nikaiegemeza, nikapanda juu ya kinu kilichokuwa karibu, nikaingiza kichwa. Kulikuwa na harufu nzuri ya nafaka na moshi wa zamani. Nikaingiza mabega. Sakafu sikuiona vizuri, ulezi ulikuwa umejaa upande mmoja, basi nikasukuma mwili mbele kidogo ili niusogeze kwa mkono. Tumbo likaingia. Nikaona! Zilikuwa fito zilizopitishwa kwenye panda za nguzo na kufungwa kwa kamba za gome, zimebanana zenyewe kwa uzito wa mzigo. Kadiri unavyojaza ndivyo zinavyokaza. Nilicheka peke yangu mle ndani kwa furaha.

Kisha nikajaribu kutoka.

Tumbo langu, ambalo lilikuwa limeingia kwa hiari, lilikataa kutoka. Nikijivuta, fito za mdomo wa ghala zinanibana. Nikisukuma mbele, nazama kwenye ulezi. Kile kinu nilichosimamia kikapinduka, miguu yangu ikabaki inaning'inia, na kofia ya nyasi ikateleza kutoka kwenye ule mti ikanikalia mgongoni. Nikaita, "Mama!" Ndivyo ninavyomwita mke wangu. Sauti yote ikabaki humo humo na ulezi.

Na wakati huo huo nikasikia watalii wanaingia.

Nilisikia viatu vingi, kamera, na kiongozi akiwaeleza kwa Kiingereza safi habari za nyumba za msonge. Kisha akanyamaza katikati ya sentensi. Najua alichokuwa anakiona. Mke wangu ameshanisimulia mara nyingi: nusu ya chini ya mwanaume mzima, suruali ya kijivu na viatu vya Jumapili, inatoka kwenye ghala ikipiga mateke taratibu.

Lazima nimsifu binti yule. Alivuta pumzi akasema, "Na huyu ni mkaguzi wa ghala. Katika enzi hizo, kila mji ulikuwa na mzee mmoja aliyeingia kuzungumza na ulezi ili usiharibike."

Mtalii mmoja akauliza, "Anauambia nini?"

Kiongozi akagonga ghala kwa nje na kusema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusihi, "Mzee mkaguzi, wageni wanataka kusikia."

Ningefanyaje? Nikaanza kuzungumza na ulezi. Nikaupa pole kwa joto. Nikauliza habari za kule chini. Maneno yakaniishia, nikajikuta nausomea maelekezo ya dawa ya minyoo ambayo nayajua kwa moyo, kiasi cha ndama na kiasi cha ng'ombe mkubwa, kwa sauti ya unyenyekevu. Nikasikia watalii wakisema aaah. Kamera zikalia.

Bibi wa mji hakuwa amesikia habari ya mkaguzi. Yeye alikuwa upande wa mawe ya kusagia, na alipogeuka aliona jambo ambalo kwenye enzi za mababu lina jina moja tu.

"Mwizi wa ulezi!" alipiga kelele. "Mwizi! Mwizi mchana!"

Nikasikia nyayo zake zinakuja mbio, kisha ile fimbo ya kuku ikatua mahali ambapo mtu akiwa ndani ya ghala hawezi kupalinda. Nikaruka. Ghala likatikisika. Akanitia nyingine. "Kula lango letu hujashiba, sasa umekuja kwenye ulezi!"

Kiongozi alijaribu kuokoa hadithi yake, akasema kwamba wakati mwingine mkaguzi na bibi hawaelewani. Lakini watalii walishaamua. Walikuwa wanapiga makofi. Na katikati ya makofi nikaitambua sauti moja inayocheka mpaka inakosa hewa, sauti ya mama wa watoto wangu.

Mchongaji akaja kunivuta miguu. Alivuta, nikalia. Alininong'oneza kupitia fito, "Ningekuwa na msumeno ningekata hapa pembeni."

"Unao?"

"Ninao, uko nyuma ya nyumba. Lakini wageni wanaangalia. Msumeno haujafika bado."

"Fundi, mimi nakufa!"

"Kufa kulishafika, lakini msumeno bado."

Ni mke wangu aliyetoa shauri. Alimwuliza bibi kama kuna mafuta. Bibi akaagiza kibuyu cha samli, na wakanipaka kiunoni wakiwa wawili, wakikandamiza tumbo langu kwa vidole kama wanaokanda unga wa chapati, huku bibi akiwatangazia wageni kwamba hivi ndivyo mwizi alivyopakwa mafuta. Kwa sababu gani hakueleza, na hakuna aliyeuliza. Kisha mchongaji akashika mguu mmoja, mke wangu akashika mwingine, wakavuta pamoja. Nilitoka kama ndama anayezaliwa. Nilianguka juu ya mchongaji, kichwa kimejaa makapi, na suruali yangu, ambayo ilinasa kwenye fito, ikapasuka kutoka mkanda mpaka goti.

Wageni wakageuka kwa adabu. Bibi hakugeuka. Alitwaa ngozi iliyotandikwa kwenye kigoda, akanitupia akisema, "Jifunge. Unatia aibu enzi zetu."

Nikajifunga ngozi, suruali nikaitundika kwenye fito za ghala. Ilikuwa ya mbuzi, na ilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia. Viatu vilikuwa vimechomoka nikivutwa, na shati langu lililojaa samli na ulezi wakanivua pia, likaanikwa juu ya uzio. Nilipojitazama nikagundua kwamba sasa sina tofauti yoyote na watu wa mji ule, ila kwa soksi.

"Sasa ahukumiwe," akasema bibi.

Sijui kama hukumu ile ilikuwa kwenye mpango wa siku. Nadhani bibi aliibuni pale pale kwa kuwa umati ulikuwa mkubwa na unamsikiliza. Alinikalisha katikati, akakaa yeye kama baraza lote la wazee, akamwita shahidi. Mke wangu akasimama kabla hajaitwa.

"Huyu mtu namfahamu," alisema, na kiongozi akatafsiri. "Nyumbani kwake hakuna kitu kilichonyooka."

"Ana mke?" bibi akauliza.

"Anaye. Mwanamke mzuri sana, mvumilivu."

"Maskini mwanamke," bibi akasema, na watalii wakatikisa vichwa kwa huruma.

Hukumu ikatoka: mwizi achonge kigoda kulipia ulezi aliomwaga. Mchongaji akanikabidhi gogo na tezo. Niliposhika lile tezo nilisahau fimbo, samli na soksi. Miaka yote nilikuwa natamani kulishika mbele ya mtu anayejua. Nikapiga pigo la kwanza, kipande kikubwa kikaruka kikampita kuku. Nikapiga la pili, mahali palipotakiwa kuwa mguu pakaondoka.

"Haidhuru," mchongaji akasema. "Kigoda chembamba kipo."

Pigo lingine, na mguu mwingine ukaenda. Akashauri tuseme ni mwiko wa ugali. Nikauchonga mwiko kwa makini, ulimi nimeutoa nje, mpaka upande mpana ukapasuka. Tukakubaliana kwamba ni kijiko. Mke wangu akauliza kama nikiendelea tutapata kijiti cha meno.

Wakati huo mtalii mmoja alikuwa amesogea karibu kuliko wengine. Mzee mrefu, mwenye kofia pana, na alikuwa hatazami ngozi yangu wala soksi. Alitazama mikono yangu na tezo. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa randa.

Ilikuwa randa ndogo ya shaba, inayoenea kwenye kiganja, ina makali kama wembe. Mtu anayetembea na randa mfukoni akiwa safarini ni mgonjwa mwenzangu, nilimtambua mara moja. Nilinyanyuka nusu. Nilitaka kumuuliza ameinunua wapi, kisu chake ni cha unene gani, kama naweza kuigusa. Nikakutana na macho ya kiongozi, yakinisihi. Nikamtazama bibi, ana fimbo. Nikaketi.

"Hiki," nikasema kwa taabu kubwa, "ni nini?"

Kiongozi akatafsiri. Mzee akachuchumaa mbele yangu kwa upole mwingi, akaanza kunifundisha. Akaniwekea vidole vyangu kimoja kimoja juu ya randa. Akanionyesha kwa ishara kwamba inasukumwa mbele, hailetwi nyuma. Mimi, ambaye nina randa mbili nyumbani na ya tatu nimeificha mke wangu asiione, nikaishika upande mbaya kwa makusudi, nikatikisa kichwa kwa mshangao. Akacheka kwa wema. Akanisahihisha. Nikajaribu tena, na mara hii mikono ikanisaliti. Mbao ikatoa unyuzi mmoja mrefu, mwembamba kama ngozi ya kitunguu, ukajikunja juu ya goti langu. Sijawahi kutoa unyuzi kama ule maishani mwangu. Nilipiga kelele ya furaha ya kweli kabisa.

Mzee alisimama akamgeukia mkewe. Kiingereza chake nilikielewa chote. Alisema, "Mtu huyu ana kipaji cha ajabu. Hebu fikiria angepata nafasi ya kwenda shule."

Mke wangu alilazimika kwenda kusimama nyuma ya nyumba.

Na ndipo ghala likaanza kuimba.

Ilikuwa kwaya. Sauti ya kwanza na ya pili pamoja na kinanda, ikitoka ndani kabisa ya ulezi, "Haleluya" moja ndefu yenye kelele za redio mbovu. Simu yangu ilikuwa imetoka kwenye mfuko wa shati nilipokuwa kichwa chini. Watu wote wakageukia ghala. Kiongozi akafumba macho. Nilijua yamekwisha.

Bibi akainuka taratibu, akainua fimbo. "Mizimu ya ulezi," akatangaza. "Imekubali hukumu."

Simu ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Mke wangu akatoka alikokuwa, amefuta machozi, akapanda kwenye kinu, akaingiza mkono mmoja tu, akaitoa bila shida yoyote. Akaiweka sikioni mbele ya watu wote.

"Hapana," tukamsikia akisema. "Yuko enzi za mababu. Mpigie jioni." Akasikiliza. "Ng'ombe amevimba upande gani?" Akaiziba kwa kiganja akanigeukia. "Baba, amevimba upande wa kushoto, anakoroma."

Ni gesi tumboni, jambo lisilosubiri jioni. Nikasimama nikiwa na ngozi yangu na soksi zangu, nikaichukua simu, nikampa mteja maelekezo yote, dawa gani, kiasi gani, amtembeze mnyama akipanda mlima. Nilipomaliza, yule mzee wa randa alinitazama, akaitazama simu, akalitazama ghala, akaitazama suruali iliyokuwa imening'inia kwenye fito. Uso wake ukaanza kutetemeka. Nilidhani amekasirika.

Nikamwambia kwa Kiingereza, "Samahani. Ile randa ni namba ngapi?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mkewe akacheka, kundi zima likacheka, mchongaji akacheka, na bibi peke yake akabaki amesimama wima, akitutazama kwa huzuni kama mtu aliyezaliwa mapema mno. Baadaye mimi na yule mzee tulikaa chini ya kibanda na mchongaji, tukalala chali wote watatu chini ya kile kigoda kikubwa. Yule mzee alipoiona skurubu, mchongaji alimweleza habari za simba. Mzee alikubali bila kubisha. Alisema kwao wana simba wa aina hiyo wengi sana.

Kile nilichochonga walikiweka kwenye kibanda pamoja na vitu vingine. Hakuna aliyejua ni nini, mimi nikiwemo. Bibi alikitazama akaamua kwamba ni kikwangulio cha mgongo cha wazee, akajikuna nacho, akaridhika.

Tulipokuwa tunaondoka, mimi nimevaa suruali iliyoshonwa kwa uzi wa gome, kiongozi alitusindikiza mpaka kwenye gari. Nilianza kumwomba msamaha. Alinikatisha.

"Wazee wangu, wageni wameniuliza kama onyesho la mwizi lipo kila siku." Alikuwa anasokota vidole. "Nimewaambia lipo Jumamosi."

Nikamtazama mke wangu. Nilitegemea aseme hapana, tuna watoto, tuna duka, umbali ule, barabara ile. Lakini yeye alikuwa anautazama mji kwa macho ambayo nilikuwa nimezoea kuyaona kwenye kioo changu mwenyewe.

"Hadithi ina kasoro," alisema. "Mwizi amehukumiwa, lakini mkewe hajasema lolote. Enzi hizo mke angenyamaza kweli?"

Basi mvua zikiisha huwa tunakwenda, si kila Jumamosi, lakini mara kwa mara. Mchongaji amepanua mdomo wa ghala kidogo kwa ajili yangu, kazi aliyoifanya kwa msumeno siku ambayo hakuna wageni. Ananifundisha tezo, na nimeshafika kwenye mwiko bila kupasua. Bibi ananichapa kama kawaida, na nimemwomba mara nyingi apunguze, ananiambia enzi hizo watu hawakuigiza. Mke wangu anatokea nyuma ya nyumba akiwa na shanga mpaka mabegani, ananisema kwa muda mrefu kuliko hukumu yenyewe, kila mara kwa maneno mapya, na watalii wanampigia makofi. Halafu bibi anamkabidhi na yeye ile fimbo.